Upasuaji wa Saratani Huanzia Kwenye Mgao wa Chakula

Mazungumzo yetu kuhusu saratani nchini Kenya huishia kwenye mashine, dawa na bili. Tunauliza mashine za mionzi ziko ngapi, kemotherapi inagharimu kiasi gani, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, italipa hadi shilingi ngapi kabla ya familia kuanza kuuza mifugo. Ni maswali ya haki, kwa sababu nchi hii hupata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kila mwaka na kuzika zaidi ya 27,000. Lakini lipo swali moja ambalo haliulizwi, na kwa mgonjwa wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera, Garissa, lina uzito kuliko mengi ya hayo: siku anapolazwa kwenye meza ya upasuaji, mwilini mwake misuli imebaki kiasi gani? Simaanishi unene wala uzito kwenye mizani. Namaanisha nyama ya mapaja na mgongo, nyama ya kifua inayomwezesha mtu kukohoa na kutoa makohozi, nyama ya mikono inayomwinua kitandani. Msimamo wangu ni kwamba matokeo ya upasuaji wa saratani ya tumbo huanza kuamuliwa miezi kadhaa kabla ya kisu, kwenye foleni ya mgao, na kwamba anayepanga mgao, anayeandika barua ya rufaa na anayepasua wanatoa tiba moja hata kama hawajawahi kuonana.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1936 daktari wa upasuaji wa Cleveland, Marekani, Hiram Studley, alichapisha hesabu ya wagonjwa 46 waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda sugu vya tumbo. Miongoni mwa waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya upasuaji, theluthi moja walikufa. Miongoni mwa waliokuwa wamepoteza chini ya hapo, vifo havikuzidi sana asilimia 3. Studley alitazama kama tofauti hiyo ingeweza kuelezwa na umri, hali ya moyo na mapafu au aina ya upasuaji, na akaona kwamba uzito uliopotea ndio uliobaki kuwa maelezo makubwa. Hapakuwa na skani wakati huo wala antibiotiki za kutegemewa, kwa hiyo tungetarajia kwamba maendeleo ya tiba yangelifuta kabisa tatizo hilo. Hayakulifuta. Yamelionyesha tu kwa usahihi zaidi.

Leo mgonjwa wa saratani ya tumbo hupigwa picha ya CT ili daktari aone uvimbe umefika wapi. Katika picha hiyohiyo, kwenye pingili ya tatu ya kiuno, inawezekana kupima eneo la misuli yote inayoonekana na kulilinganisha na urefu wa mtu. Mwaka 2008 Carla Prado na wenzake nchini Kanada walionyesha kwa njia hii kwamba hata miongoni mwa wagonjwa wa saratani walionenepa kupita kiasi, wale ambao misuli yao ilikuwa haba chini ya mafuta walikuwa na nguvu kidogo na waliishi muda mfupi zaidi. Yaani mizani iliwadanganya, na wauguzi waliotazama mwili kwa macho wangedanganywa pia. Kisha ukaja uchunguzi wa Wenzhou, China, uliochapishwa mwaka 2016, wa wagonjwa 937 waliokatwa tumbo kwa sababu ya saratani. Waliokuwa na upungufu wa misuli walipata madhara makubwa zaidi baada ya upasuaji, na katika miaka iliyofuata walikufa kwa wingi zaidi, hata baada ya hatua ya ugonjwa wenyewe kuzingatiwa. Tafiti nyingine nyingi za Asia na Ulaya zimefika mahali hapohapo.

Sababu zake zinaeleweka. Kidonda cha ndani kinapopona, mwili unahitaji malighafi ya protini kwa ajili ya kujenga tishu mpya na chembe za kinga, na kama mgonjwa hali, malighafi hiyo hutolewa kwenye misuli. Mfugaji wa Fafi, eneo ilipo Hagadera, anaijua hesabu hii bila kufundishwa: wakati wa kiangazi huuza mbuzi mmoja mmoja ili nyumba isilale njaa, na aliyeingia kiangazi na kundi dogo hufilisika kabla mvua haijarudi. Aliyeingia upasuaji akiwa na misuli haba hufilisika kwa namna hiyo. Mshono kati ya umio na utumbo huchelewa kushika, na ukivuja, uchafu humwagika ndani. Misuli ya mbavu na kiwambo ikidhoofika, mgonjwa hawezi kukohoa kwa nguvu, kikohozi kinageuka nimonia. Hata kemotherapi humlemea, kwa kuwa kipimo cha dawa hukadiriwa kwa urefu na uzito wa mwili ilhali dawa nyingi husambaa kwenye sehemu isiyo na mafuta; mwenye misuli kidogo hupata dozi inayomzidi, anatapika, anaharisha, chembe zake za damu zinashuka, na mwishowe tiba inasimamishwa kabla haijakamilika. Na saratani ya tumbo ina ukatili wake wa ziada. Uvimbe uko kwenye njia ileile ya chakula. Mtu hushiba kwa matonge matatu, hutapika, huogopa kula. Wakati huohuo ugonjwa huuchochea mwili kutoa kemikali zinazovunja misuli hata pale mtu anapokula. Baada ya tumbo kuondolewa lote au sehemu, ni kawaida mgonjwa kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo hata mwenye afya ya kutosha hupungua. Asiye na akiba anapungua kutoka wapi?

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya Wenzhou na Kanada. Hapana, ni yetu zaidi kuliko yao. Mtandao wa madaktari wa upasuaji uitwao GlobalSurg uliwafuatilia wagonjwa wa saratani ya tumbo na ya utumbo mpana katika nchi 75, na matokeo yake kuhusu lishe yakachapishwa mwaka 2023. Kati ya wagonjwa 5,709, theluthi moja walikuwa na utapiamlo mkali kabla ya upasuaji. Katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati, kundi ambalo Kenya imo, ilikuwa takriban wagonjwa 6 kati ya kila 10. Watafiti walikadiria kwamba karibu theluthi ya vifo vya mwezi wa kwanza katika nchi hizo vilihusishwa na utapiamlo huo. Utafiti wa awali wa mtandao huohuo, wa mwaka 2021, ulikuwa umeonyesha jambo jingine ambalo bado halijatushtua inavyostahili: baada ya upasuaji wa saratani ya tumbo, wagonjwa wa nchi zetu walikuwa na uwezekano wa kufa ndani ya siku 30 zaidi ya mara tatu ukilinganisha na wa nchi tajiri, ingawa madhara makubwa ya upasuaji hayakutofautiana kwa kiwango hicho. Maana yake ni kwamba wale wakipata nimonia au mshono ukivuja huokolewa, na wetu hufa. Sehemu ya maelezo ni vitanda vya wagonjwa mahututi na wauguzi wa usiku. Sehemu nyingine ni kile ambacho mgonjwa alikuja nacho mwilini.

Sasa tuitazame Hagadera yenyewe. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, ikiwa ya tatu baada ya kambi jirani za Ifo na Dagahaley, kwa watu waliokimbia vita vya Somalia. Zote tatu zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Vizazi vimezaliwa na kuzeeka hapo, na watu waliofika wakiwa vijana wa miaka 30 sasa wamevuka 60, umri ambao saratani za tumbo na umio huongezeka na ambao misuli hupungua hata bila ugonjwa. Wamezeeka wakila mgao. Na mgao huo umepunguzwa tena na tena kadiri fedha za wafadhili zilivyokauka: mwaka 2014, mwaka 2015, mwaka 2016, mwaka 2017, kisha tena katika muongo huu, hadi katikati ya mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipotangaza kwamba wakimbizi walioko Kenya wangepata asilimia 28 tu ya mgao kamili, kiwango cha chini kabisa ambacho limewahi kukishuhudia nchini. Pesa za Bamba Chakula, ambazo familia hununulia maziwa, mboga na nyama sokoni, nazo zilisimamishwa. Baadaye mwaka huohuo kaya zikaanza kugawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, zile zilizoonekana kujiweza zikiachwa nje.

Hesabu yake ni fupi lakini inatisha. Mgao kamili wa dharura hupangwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Asilimia 28 yake haifiki kalori 600. Protini kwa kawaida hutoa asilimia 10 hadi 12 ya nishati ya mgao, kwa hiyo kiasi hicho kina gramu 15 hadi 18 za protini. Miongozo ya chama cha lishe ya kitabibu cha Ulaya, ESPEN, inasema mgonjwa wa saratani anahitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1, ikiwezekana hadi gramu 1.5, kwa kila kilo. Mwanamke wa kilo 50 basi anahitaji kalori 1,250 hadi 1,500, na protini gramu 50 hadi 75. Mgao huo wa asilimia 28 ulimpa chini ya nusu ya nishati na takriban theluthi ya kiwango cha chini kabisa cha protini. Pengo lililobaki analijaza kwa ukarimu wa jirani, pesa za ndugu walioko ughaibuni kama wapo, au halijazwi. Na tusidhani wenyeji wa Garissa wasio wakimbizi wako mbali na shida hii. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini, na nyumba ambazo protini yake ilikuwa maziwa ya ngamia na nyama ya mbuzi zilibaki na chai na ugali.

Hapa ndipo hoja inapofika mahali ambapo kwangu ni kiini cha jambo lote. Tiba ya saratani kwa mkimbizi hutegemea rufaa, na rufaa hutegemea kamati inayoamua nani apelekwe. Hospitali ya kambi haiwezi kumkata mtu tumbo. Anapaswa kupelekwa Garissa, takriban kilomita 100, au Nairobi, kilomita nyingine zaidi ya 350. Miongozo ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, ya mwaka 2009 kuhusu rufaa za gharama kubwa inaelekeza kwamba uamuzi uzingatie gharama na matarajio ya kupona. Si kanuni mbaya pale fedha zinapokuwa chache. Lakini tazama ilivyofanya kazi mahali penye kumbukumbu nzuri: Paul Spiegel na wenzake walipochunguza maombi 511 ya tiba ya saratani yaliyoletwa mbele ya kamati ya namna hiyo nchini Jordan kati ya mwaka 2010 na 2012, chini ya nusu yalikubaliwa, na sababu kubwa ya kukataa ilikuwa matarajio mabaya ya kupona. Unganisha sasa vipande viwili. Misuli ni sehemu ya matarajio ya kupona. Mgao ni sehemu ya misuli. Mfumo wa misaada unaopunguza mgao leo, na unaoketi kesho kupima kama mgonjwa ana nguvu za kustahimili upasuaji, unapima matokeo ya uamuzi wake wenyewe. Mgonjwa anaambiwa amechelewa au amedhoofika mno, na kauli hiyo inaandikwa kwenye faili kana kwamba ni habari ya kibiolojia tu. Sisemi kuna mtu aliyekusudia hivyo. Nasema kwamba kukata chakula cha mgonjwa wa saratani ni uamuzi wa kitabibu, na unapaswa kubeba uzito na uwajibikaji wa uamuzi wa kitabibu.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, linatoka kwa wanasayansi wenyewe. Huenda upungufu wa misuli ni dalili tu: saratani kali humla mtu haraka, na saratani hiyohiyo ndiyo inayomuua, kwa hiyo kumlisha hakutabadilisha mwisho. Ni kweli kwamba sehemu ya uhusiano huo ni ya namna hiyo, na hakuna jaribio kubwa lililothibitisha kwamba kurejesha misuli kabla ya kukatwa tumbo kunaongeza miaka ya kuishi. Mazoezi na lishe kabla ya upasuaji wa umio na tumbo vimeonyeshwa kuongeza uwezo wa mgonjwa kutembea na kujimudu, kama katika jaribio la Montreal la mwaka 2018, lakini kundi lilikuwa dogo. Hata hivyo, tunao ushahidi wa lishe yenyewe. Uswisi, jaribio la EFFORT liliwagawa kwa kura wagonjwa zaidi ya 2,000 waliolazwa wakiwa katika hatari ya utapiamlo: nusu walipata mpango wa lishe uliotengenezewa kila mmoja, nusu chakula cha kawaida cha hospitali. Baada ya siku 30, vifo vilikuwa asilimia 7 dhidi ya 10. Miongoni mwa wagonjwa wa saratani waliokuwamo, 506 kwa jumla, vilikuwa asilimia 14 dhidi ya karibu 20. Hayo yalitokea Uswisi, ambako chakula cha kawaida cha hospitali ni chakula kamili. Kuna jambo jingine pia. Hoja ya dalili ina nguvu pale ambapo mgonjwa ana chakula na saratani inamkatalia kukitumia. Hagadera mtu anaweza kuwa ameanza kukonda kabla ya seli ya kwanza kuharibika. Kukonda kwa njaa hakuhitaji nadharia ngumu, na kunatibika kwa chakula.

Pingamizi la pili ni la wakati: saratani haisubiri, kwa hiyo kumlisha mtu kwanza ni kumpotezea muda. Miongozo ya ESPEN ya upasuaji imelijibu wazi. Mgonjwa aliye katika hatari kubwa ya lishe, kwa mfano aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito ndani ya miezi sita au ambaye uzito wake ni mdogo mno kwa urefu wake, anapaswa kupewa tiba ya lishe siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama upasuaji wa saratani utasogezwa mbele. Lakini kwa upande wetu pingamizi hili halina hata mahali pa kusimama. Mgonjwa wa kambini tayari anasubiri. Anasubiri endoskopia, majibu ya kinyama kilichokatwa, picha ya CT, uamuzi wa kamati, kibali cha kusafiri nje ya kambi, kisha nafasi ya thieta. Zaidi ya hapo, wengi hutangulia kumaliza miezi wakinywa dawa za vidonda vya tumbo, kwa sababu maumivu ya juu ya kitovu kwetu huitwa vidonda mpaka ithibitike vinginevyo. Majuma hayo yote sasa hivi ni ya kupoteza misuli. Yangeweza kuwa majuma ya kuijenga bila kuchelewesha kitu hata siku moja.

Lipo pingamizi ambalo halisemwi hadharani kwa sababu linaumiza, nalo ni la vipaumbele. Watoto wenye utapiamlo wanalazwa. Kwa nini chakula cha ziada kiende kwa mzee mwenye saratani? Jibu langu ni kwamba hesabu haiwalazimishi watu hawa kushindana. Wagonjwa wa saratani wanaotarajiwa kupasuliwa katika kambi ni wachache sana ukilinganisha na watoto walio katika mpango wa lishe, na nyongeza yao ni ya majuma, si ya maisha. Kinachowanyima si ukubwa wa gharama. Ni kwamba mfumo haukuwaona. Mipango ya lishe ya kambini kwa kawaida imejengwa hasa kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito na wanaonyonyesha. Utepe wa kupima mkono una rangi nyekundu na njano kwa mtoto. Mtu mzima anayekonda kwa saratani husahaulika kwa urahisi. Na kwa upande wa pesa, hebu tufikirie gharama ya safari ya Nairobi, vipimo, upasuaji na majuma ya kulazwa, kisha mgonjwa afe kwa nimonia siku ya tisa. SHA ilipoanza Oktoba 2024 ilitenga kwa saratani hadi shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Kulipa kiasi hicho kwa upasuaji huku tukikataa kulipia unga, maharage na mayai ya majuma matatu ni ubadhirifu.

Hatuanzi kutoka sifuri. Wakati wa janga la UKIMWI, Kenya iliwahi kufanya chakula kuwa dawa. Watu wenye VVU waliokonda walipimwa kliniki na kuandikiwa unga wenye virutubisho kwa cheti, kama wanavyoandikiwa vidonge, na huko Eldoret mpango wa AMPATH ulifika mpaka kulima mashamba ya kulisha wagonjwa wake. Sababu iliyotolewa wakati huo ilikuwa kwamba dawa kali haifanyi kazi vizuri katika mwili wenye njaa. Sababu hiyo haijabadilika, na upasuaji wa tumbo ni mzigo mzito kwa mwili kuliko vidonge.

Wala hatuhitaji kusubiri skani. Wataalamu wa Ulaya na Asia walipopitia upya vigezo vyao vya upungufu wa misuli mwaka 2018 na 2019, waliitanguliza nguvu ya misuli, na vipimo vyake vinaweza kufanyika chini ya hema. Mwambie mgonjwa akunje mikono kifuani, ainuke kwenye kiti na kukaa mara tano: akizidi sekunde 15 kwa kigezo cha Ulaya, au akifika 12 kwa cha Asia, kuna shaka. Zungushia futi ya fundi cherehani kwenye kigimbi cha mguu: chini ya sentimita 34 kwa mwanamume na 33 kwa mwanamke ni ishara kwa kigezo cha Asia, ingawa miili ya Wasomali, mirefu na myembamba, itahitaji viwango vyake, na hilo ni jukumu la watafiti wetu. Mwulize uzito wake wa zamani, au mwulize mkewe nguo zimelegea kiasi gani. Muuguzi wa Hospitali ya Hagadera anaweza kumaliza haya yote kwa muda mfupi, siku ileile mgonjwa anapotajwa kuwa na shaka ya saratani, na kuyaandika kwenye barua ya rufaa ili daktari wa Garissa au Nairobi asianze upya.

Familia nazo zina sehemu yao, na hapa nataka niseme bila kuzungukazunguka. Dhana kwamba ukimlisha mgonjwa vizuri unailisha saratani imeua watu. Uvimbe hujichukulia unachotaka kwenye mwili hata kama mwenyewe ana njaa. Anayenyimwa ni yeye, misuli yake na kinga yake. Mgonjwa ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, uji uliotiwa maziwa na mafuta, maharage au dengu zilizopondwa, yai, samaki wa kopo, maziwa ya ngamia kama yapo. Asifunge Ramadhani kwa kuona haya. Dini imemruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye. Na asilazwe mkekani mchana kutwa kwa heshima. Heshima hiyo ina gharama: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Atembee mpaka msikitini na kurudi, akishikwa mkono ikibidi.

Lakini familia haiwezi kupika kisichokuwapo. Ndiyo maana ombi langu la mwisho linaelekezwa kwa wenye kalamu. Kenya ilizindua Mpango wa Shirika mwezi Machi 2025 ikiahidi kwamba huduma za wakimbizi na za wenyeji zitaunganishwa, na Garissa ina kituo cha saratani cha kanda ambacho kimesogeza tiba karibu na watu waliozoea kuambiwa waende Nairobi. Kituo hicho, idara ya afya ya kaunti, UNHCR na Shirika la Mpango wa Chakula wakubaliane jambo moja lisilohitaji sheria mpya: mtu yeyote, mkimbizi au mwenyeji, anayeshukiwa kuwa na saratani ya tumbo au umio apimwe uzito na nguvu siku hiyohiyo, aingizwe moja kwa moja katika kundi la mgao kamili na nyongeza ya protini, na asitolewe humo mpaka miezi mitatu baada ya upasuaji. Na kamati yoyote inayokataa rufaa kwa sababu mgonjwa amedhoofika iandike kwenye faili hilohilo alikuwa akipata asilimia ngapi ya mgao alipodhoofika.